Mpiga Marimba Asiyejulikana Kwao

Mwanamume yule alipiga marimba mbele ya daktari, mkufunzi wetu, sisi wanafunzi wawili na mke wake, na alipiga vizuri. Alipomaliza, mke wake aliitazama mikono yake, kisha akamgeukia daktari na kusema, kwa sauti ile ile aliyotusalimia nayo, kwamba mume wake hajui kupiga marimba. Hakusema ameacha, wala hakusema amesahau. Alisema hajui, hajawahi kujua, na kwamba katika ndoa yao yote hajamwona akipiga.

Sisi tulikuwa tumekaa naye miezi kadhaa tukiamini kwamba tunamrudishia muziki wake.

Nitaeleza tulivyofika hapo kwa mpangilio, maana hata siku ile jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kujaribu kuyapanga mambo, nayo hayakupangika.

Nilikuja Dodoma kutoka Tanga kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Maduka ya Makole, nilikopanga chumba, yalikuwa yameanza kujaa redio za kaseti na sabuni za kila rangi, na baba mwenye nyumba wangu, karani wa serikali, alikuwa akitoka ofisini mchana na kukaa nyuma ya meza ya mitumba mpaka jua linazama. Hospitalini mabadiliko yalionekana kwa njia nyingine. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wameanza kuambiwa wachangie huduma. Na wodi ya wanaume ilikuwa ikipokea watu ambao wauguzi wa zamani walisema hawakuwazoea: walinzi, makarani, madereva wa mashirika, watu wazima waliopunguzwa kazi wakarudi nyumbani, wakakaa, wakaacha kusema.

Katika mwaka wangu wa mwisho alikuja mkufunzi mpya, mama wa makamo aliyekuwa ametoka masomoni Ulaya. Alikuwa amesomea kitu alichokiita tiba kwa muziki. Tulimwita Madam, kama tulivyowaita wakufunzi wote wanawake. Aliomba wanafunzi wa kujitolea, tukajitokeza wachache, na mimi na kijana mmoja mwenyeji wa Kongwa tukapangiwa wodi ya wanaume. Wenzetu walituuliza kama tutashonewa sare za bendi. Vyombo vyetu vilikuwa gitaa lililopungukiwa nyuzi, kayamba mbili na ngoma iliyochanika upande mmoja, na vyote tulivihifadhi katika kabati la shuka.

Madam alitufundisha mambo ambayo mwanzoni niliyaona mepesi. Kukaa na mgonjwa bila kumsemesha. Kusikiliza mwendo wa pumzi yake kabla hujagusa ngoma. Akigonga meza, umjibu kwa kasi ile ile yake, usimzidi. Usimwimbie mtu wimbo unaoupenda wewe. Na kila Ijumaa, katika kikao cha kujadili wagonjwa, sharti lilikuwa moja: useme kwanza ulichokiona na kukisikia, na hicho tu, halafu ndipo useme ulichokidhani. Ukichanganya, alikukatiza.

"Mgonjwa alikuwa na huzuni," nilisema Ijumaa ya kwanza.

"Huzuni uliiona wapi?" akauliza Madam. "Ilikuwa na rangi gani?"

"Alikuwa ameinamisha kichwa."

"Basi sema aliinamisha kichwa. Huenda alikuwa anatafuta kandambili."

Mwenzangu wa Kongwa alicheka mpaka akaambiwa atoke nje apumue. Tulipokuwa tukirudi wodini akaniambia, "Nyie watu wa Tanga mnaona huzuni kila mahali. Ni kukosa nazi tu."

"Na nyie mlipewa makao makuu, mvua mkanyimwa," nikamjibu.

"Tuliambiwa tuchague kimoja," akasema.

Mgonjwa wetu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kutoka kijiji kilichoko mbele ya Zuzu. Historia yake, kama ilivyoletwa na mke wake na majirani siku alipolazwa, ilikuwa fupi. Alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika. Wafanyabiashara walipoanza kuja na malori yao kununua karanga na alizeti shambani kwa mkulima moja kwa moja, ghala likakosa mzigo, likafungwa, na walinzi wakaambiwa waende nyumbani. Yeye hakwenda. Aliendelea kulilinda ghala tupu, kila siku, bila mshahara, mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumwondoa. Tangu aondolewe hapo hakusema tena.

Dawa alikuwa akimeza. Usingizi ulirudi, na chakula alikula. Asubuhi nilimpa shikamoo naye akainua mkono. Lakini neno hakutoa, na mchana kutwa alikuwa akitembea kandokando ya kuta za baraza akichokonoa kona kwa kidole. Wauguzi walisema kwamba ni ugonjwa tu. Daktari, mtu mpole aliyezoea kuvaa koti la mtumba zito hata kwenye joto, alituambia wazi kwamba asipobadilika kabla ya msimu wa mvua atahamishiwa kambi ya wagonjwa wa muda mrefu. Haikuwa mahali pabaya. Walilima na kufuga. Ila ilikuwa mbali, na waliokwenda huko walikuwa wakizoeleka huko, na nyumbani wakazoeleka kutokuwepo. Wakati huo mke wake alikuwa ameleta salamu kupitia kwa dereva wa lori kwamba analima peke yake na watoto bado wadogo, na kama mumewe ataweza kushika jembe basi arudi kabla ya mvua.

Kwa hiyo tulijua tunafanya kazi kwa ajili ya nini. Ni nyumbani au kambini.

Nilikaa naye wiki baada ya wiki na kayamba mapajani. Nilitikisa kwa mwendo wa hatua zake alipotembea, nikanyamaza aliposimama. Sikuona badiliko lolote. Ijumaa nilisema nilichokiona: mgonjwa anatembea, mgonjwa anachokonoa ukuta, mgonjwa anatia alichokichokonoa ndani ya kibweta cha kiberiti.

Mwenzangu aliinua kichwa. "Anatia nini?"

"Uchafu. Utando wa buibui."

"Utando upi? Ule wa nyuzi nyuzi au ule mweupe, wa duara, unaobana ukutani?"

Sikujua kama kuna tofauti. Alikwenda kutazama mwenyewe, akarudi kikaoni uso umemng'aa. Alisema utando wa nyuzi mgonjwa anaupita tu. Anachobandua ni ule mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, mwembamba kama karatasi ya sigara, na anaubandua kwa ukucha pole pole ili usipasuke.

"Huyu ni mpiga marimba," akasema.

Kwa ajili yangu na wengine waliotoka mikoa mingine alieleza. Marimba ya Kigogo ni sanduku la mti lenye vyuma vingi vyembamba, unavipiga kwa vidole gumba. Usoni mwa sanduku kuna matundu, na matundu yale huzibwa kwa utando huo wa buibui. Chuma kikilia, utando hutetema, na sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki. Bila utando marimba inalia kama sufuria, alisema. Kwao hakuna mtu mzima anayebandua kitu kile ukutani kwa sababu nyingine.

Madam alimkazia macho. "Hilo umeliona au umelidhani?"

"Nimeliona, Madam."

Naye akaridhika. Sote tuliridhika. Nimelifikiria sana jibu lile baadaye. Mimi wa Tanga nisingeweza kukosea pale, kwa sababu nisingeweza kudhani chochote; kwangu ulikuwa uchafu wa ukutani. Yeye alikijua kile kitu tangu utotoni, na kwa kuwa alikijua, akaona mpaka mpigaji aliye nyuma yake.

Marimba ilipatikana kwa mjomba wake, ikaja kwa basi kutoka Kongwa imefungwa kwa khanga. Matundu yake yalikuwa wazi, utando wa zamani umekwisha. Tuliiweka juu ya benchi la baraza. Mwenzangu alikaa kando yake, akamsalimia na kusema, kwa Kigogo kwanza, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Mbukwenyi, baba. Tumesikia wewe ni mpiga marimba. Hii haina utando. Tunakuomba uitengeneze."

Mgonjwa aliitazama kwa muda mrefu. Akatoa kibweta chake. Alichagua kipande kimoja, akakilowanisha kwa ulimi, akakibandika juu ya tundu na kukinyoosha kwa kidole. Akabandika kingine. Halafu akagonga chuma kimoja, akasikiliza, akakivuta kidogo, akakigonga tena. Siku ile hakufanya zaidi ya hapo.

Baada ya siku chache alitoa neno. "Hiki kimelala," alisema, akimwonyesha mwenzangu chuma kilicholegea. Baadaye akaanza kupiga, vidole vizito mwanzoni, kisha kipande kizima, chenye kusita katikati kama mtu aliyesahau kisha akaendelea. Wagonjwa wengine walikuja kukaa sakafuni. Mmoja, fundi seremala aliyekuwa akidai yeye ni mbunge, aliamuru kwamba kila mchana kipindi kianze kwa dua na kufungwa kwa makofi, na ikawa hivyo. Mgonjwa wetu alianza kusalimia. Aliuliza kama mvua imeshanyesha upande wa Zuzu. Aliuliza mke wake anakuja lini.

Daktari alifurahi, nadhani, ingawa niseme tu kwamba alivua koti. Alimwita mke aje achukue mtu wake. Madam alitaka mgonjwa apige mbele ya mke, ili aone, na ili kesi ile iwe ndiyo ya mtihani wetu wa vitendo.

Mke alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye vumbi la safari mpaka magotini. Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Mumewe alimsalimia, akamuuliza habari za watoto kwa majina, mmoja mmoja, naye akajibu, na nikaona mabega ya mke yanashuka. Kisha mume akapiga, na yakatokea niliyoyasema mwanzo.

Mwenzangu alicheka kidogo, akidhani mama anatania. "Mama, umemsikia kwa masikio yako."

"Nimemsikia. Ndiyo maana nasema."

"Watu hujifunza," akasema daktari.

"Hapa hospitali mna mwalimu wa marimba?"

Daktari alimtazama Madam, Madam akamtazama mwenzangu. "Mimi najua nyimbo mbili," akasema mwenzangu, "na mjomba alinikataza kuzipiga mbele za watu."

"Basi kajifunza kwa nani?" akauliza mama.

Mume alikuwa ameweka marimba mapajani, ametulia, anatazama dirishani. Mama akaendelea, safari hii akinitazama mimi, labda kwa kuwa nilikuwa mwanamke niliyekuwa karibu naye. Alisema mpigaji alikuwa kaka wa mumewe. Kijiji kizima kilimjua. Kaka alifariki mwaka ule ule ambao ghala lilifungwa, na marimba yake ikachukuliwa na wajomba zake.

"Alichokipiga huyu sasa hivi ni cha kaka yake," akasema. "Hata ule kusita pale katikati. Mimi nilipikia watu kwenye ngoma zao miaka yote, naujua."

"Mama, huyu ni mumeo," akasema daktari.

"Sura ni yake, sauti ni yake, watoto kawataja. Sikatai. Lakini mkinipa huyu, mnanipa nani? Nikalale nyumba moja na marehemu?"

Alikataa kumchukua siku ile. Hakugombana. Alisema anarudi kumweleza mama mkwe wake, na tukitaka tumfuate. Mume alimsindikiza mpaka kwenye geti, wakaagana vizuri kabisa. Nilisimama nikiwatazama. Sikuelewa kama nimeona mtu anayetelekezwa au mtu anayesubiriwa.

Ijumaa hiyo kikao kilikuwa kirefu. Daktari naye alikuja. Alisema akili ya mgonjwa imetulia, anajua jina lake, siku, mahali. Marimba si hoja, na kama wiki zijazo mke hatakubali, hana njia ila kambi, kwa sababu vitanda vinahitajika. Madam alisema marimba ndiyo hoja yenyewe, ila hajui ni hoja ya upande gani. Kama alikuwa akipiga tangu zamani kwa siri, basi tumemrudishia kitu. Kama hakuwa akipiga, basi amejivika marehemu, na sisi ndio tuliomshonea nguo. Lilikuwa jambo la pekee kumsikia akisema hajui. Akatutuma kijijini, mimi na mwenzangu, tukachukue historia upya.

Gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Tulipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akienda kununua karanga. Ardhi ilikuwa imekauka hadi imepauka, na watu walikuwa wakichoma visiki mashambani wakijiandaa. Nyumba ilikuwa tembe, paa tambarare la udongo, na mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akipepeta uwele. Tulimpa shikamoo. Tulikaribishwa ugali na mlenda kabla hatujaulizwa tumefuata nini.

Nilimuuliza bibi yule swali kama nilivyofundishwa, bila kumwekea jibu mdomoni: wanawe walikuwa watu wa namna gani walipokuwa wakikua?

Alisema baba yao alikuwa mpigaji na aliwafundisha wote wawili. Mdogo, ndiye mgonjwa wetu, alikuwa na mkono mzuri kuliko mkubwa. Lakini baba alisema nyumba moja marimba moja, wasije wakashindana kama majogoo, na akampa mkubwa. Mdogo akaacha kabla hajaoa. "Ndiyo maana huyu hakumwona," akasema, akimwelekezea mkwewe kidevu.

Mke alikuwa akichochea moto pale pale. Hakugeuka. "Mama anataka mwanawe arudi," akasema. "Mngemuuliza, angewaambia hata kwamba anajua kuendesha treni."

"Na yeye hataki arudi," akasema bibi.

"Nani kasema sitaki? Nataka. Namtaka yule niliyewapelekea."

"Yule uliyewapelekea alikuwa hasemi."

"Alikuwa hasemi, lakini alikuwa yeye."

Mwenzangu aliinama kula. Mimi niliona jasho kwenye shingo yake.

Tulimtafuta jirani mmoja aliyekua pamoja na ndugu wale wawili na kuchunga nao ng'ombe. Yeye hakuwa na la kupata wala kupoteza, nikafikiri, basi atatuamulia. Alisema hajamwona mdogo akipiga hata mara moja. Kisha akafikiri, akasema lakini machungani walikuwa wakigawana, wengine upande huu wengine upande ule, na ndugu wale walikuwa daima upande mmoja. Walichokifanya huko, yeye hakuwapo kukiona. Baba yao kuwa mpigaji? Ndiyo, alisikia. Kuwafundisha wote? Hilo hakulisikia, lakini wakati ule nani alikuwa akitangaza mambo ya nyumbani kwake.

Tulirudi Dodoma juu ya magunia ya karanga. Nilikuwa nimewahoji watu watatu, nimewasikiliza vizuri, na nilijua machache kuliko nilivyokuwa najua asubuhi.

Ilibaki kumuuliza yeye mwenyewe. Utaona ajabu kwamba tulikuwa hatujamuuliza. Tulikuwa tumefundishwa tusimhoji mgonjwa juu ya muziki wake, tuuache useme. Sasa Madam aliruhusu. Tuliketi barazani, marimba ikiwa katikati yetu.

"Baba," nikamuuliza, "marimba ulijifunzia wapi?"

Alinitazama kana kwamba ninamjaribu. "Si nyie mliniambia mimi ni mpiga marimba?"

Mwenzangu alikaa wima. "Na kabla hatujakuambia, ulikuwa nani?"

"Mlinzi."

"Na marimba?"

"Kabla yenu hakuna aliyeniuliza habari ya marimba."

Nikamuuliza utando ule alikuwa akiuchukulia nini, kabla marimba haijaja. Hilo alijibu mara moja. Alisema kaka yake alikuwa akimtuma. Tangu wadogo, kazi yake ilikuwa kutafuta utando, kwa kuwa alikuwa na macho makali na ukucha mwepesi, na kaka hakuwa na subira. Alimtafutia mpaka walipokuwa watu wazima wenye nyumba zao.

"Na hapa hospitali, ulikuwa unamtafutia yeye?"

Alifikiri. "Ukuta huu una utando mzuri," akasema. "Ungepotea bure."

"Unajua kaka amefariki."

"Nilimzika mimi. Nilishika upande wa kichwa."

"Kwa hiyo anayepiga ni nani?"

Mwenzangu alinigusa kiwiko, akidhani nimevuka mpaka. Lakini mgonjwa hakukasirika. Alijitaja jina lake na la baba yake, akaichukua marimba, akapiga kile kipande chenye kusita katikati. Nilisikiliza kwa makini kuliko wakati wowote. Sikuweza kusikia ndani yake ni mtu gani.

Nilipeleka maneno yale kwenye kikao yakiwa yamepangwa upande mmoja, na upande wa kudhani nikauacha mtupu. Madam hakunikatiza. Baada ya mwenzangu kusema naye hana la kuongeza, Madam alisema hajawahi kupata ripoti safi kama ile ambayo haimsaidii kwa lolote.

Mawingu yalianza kuonekana upande wa mashariki. Mke alirudi bila kuitwa, amefuatana na shemeji mmoja wa mbali. Alisema yeye na mama mkwe wamekubaliana jambo moja: atamchukua mumewe, ila marimba ibaki hospitali. Akija kwake kama mlinzi asiye na ghala, atampokea. Akija na chombo kile, hatampokea.

Madam alipinga. Alisema mtu anatembea kwa mkongojo, unamruhusu kwenda nyumbani halafu mkongojo unaubakiza. Asiposema tena, nani atamrudisha? Daktari alisema atapewa dawa, na kwamba kati ya nyumbani bila marimba na kambini pamoja nayo, hajui mtu ambaye angechagua kambi.

"Muulizeni yeye," nikasema.

Wakamuuliza. Alisema marimba ni ya mjomba wa kijana, si yake, na mtu haondoki na mali ya watu. Alimkabidhi mwenzangu kwa mikono miwili. Daktari alifurahi akaona hiyo ni dalili ya akili timamu. Madam alisema mtu anayekubali upesi namna ile ndiye aliyekubali upesi alipoambiwa ni mpiga marimba. Wote wawili walikuwa wameona kitu kimoja.

Mgonjwa alimfuata mke wake. Kibweta cha kiberiti alikitia mfukoni mwa shati. Mke alikiona, akakitoa, akakifungua, akakitazama, akamrudishia.

Mtihani nilifaulu. Mwezi uliofuata, mvua ikiwa imeshakolea na barabara ya Zuzu ikiwa matope, mke alikuja kliniki peke yake kuchukua dawa. Nilikuwa zamu na mwenzangu. Nilimuuliza habari. Alisema mumewe analima, anakula, analala.

"Anaongea?"

"Anaongea kiasi. Kama zamani."

"Zamani kabla ya ghala?"

"Zamani tu, mwanangu."

Nilimuuliza kama mumewe anapiga chochote, bati, sanduku, kitu chochote. "Atapiga nini?" akasema. "Marimba si mnayo nyie."

Alipokea dawa zake, akazifunga kwenye pindo la khanga. Alikwenda hadi mlangoni, akasimama akitazama mvua. Kisha akauliza kama marimba ile bado ipo au imeshachukuliwa na mwenyewe. Mwenzangu alimwambia ipo, iko kabatini, na kama anaihitaji, mjomba hawezi kukataa; aseme tu, atampa aende nayo sasa hivi.

Alisema atauliza kwanza nyumbani. Sikupata kumuuliza angemuuliza nani, mumewe au mama mkwe, kwa sababu mvua ilikuwa imepungua kidogo na lori lilikuwa likimpigia honi.